Feni Zilizomeza Ushahidi

Shangazi yangu alikula kiapo cha kazi akiwa na miaka ishirini na sita, na tangu siku hiyo hakuwahi kuandika neno ambalo hakulisikia. Alikuwa mnukuzi wa mahakama. Alikaa na hedifoni masikioni, akisikiliza kesi zilizorekodiwa, na kuandika kila kilichosemwa: swali, jibu, kikohozi kama kikohozi kilikuwa na maana, kimya kama kimya kilikuwa kirefu. Rekodi zenyewe siku hizi zinakaa ndani ya kompyuta, lakini yeye na wenzake waliendelea kuziita kanda. Kazini walimwita Bi Sikio, na ukimwita hivyo aliitika haraka kuliko ukimwita kwa jina aliloitwa na baba yake.

Chumba chao kilikuwa upande wa nyuma wa jengo, kilichokuwa zamani stoo ya majalada. Meza nne, dirisha moja linalotazama ukuta, na zulia la kijivu lililokwisha kuchakaa chini ya viti. Kompyuta zao za zamani zilikuwa nzito kuamka kama mtu aliyekesha, lakini zikishaamka zilikuwa kimya. Shangazi alikuwa akisema angeweza kusikia shahidi akimeza mate.

Halafu zikaja mashine mpya. Makasha marefu meusi, kila moja na feni tatu zake na taa za buluu kama za ukumbi wa harusi. Siku zilipowashwa zote nne, chumba kilinguruma kama mvua kubwa juu ya bati, ila mvua angalau huacha. Shangazi alisubiri zitulie. Saa nne, saa sita, saa tisa alasiri. Hazikutulia.

Akamfuata afisa wa mitambo wa idara, kijana mwenye beji mbili shingoni na simu isiyokauka mkononi.

"Mwanangu, hizi mashine mbona zinapiga kelele hivi?"

"Ni mashine zenye nguvu, mama. Hiyo unayoisikia ndiyo nguvu yenyewe."

"Mimi sitaki kuisikia nguvu. Nataka kuwasikia mashahidi."

"Ongeza sauti kwenye hedifoni," akasema, na macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye simu.

Akaongeza. Ukiongeza sauti ya kanda, unaongeza na kila kitu kilichomo ndani yake: kiti kinachoburuzwa, karatasi zinazopinduliwa, wakili anayejikohoza. Sauti ya shahidi ilibaki pale pale, imezama. Jioni shangazi alikuwa anarudi nyumbani masikio yanamvuma, hata akizungumza na mumewe anapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Aliandika barua kwa msajili wa mahakama. Baada ya wiki mbili akajibiwa, na barua hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Ilisema vifaa vimekaguliwa na viko sawa. Mhusika, ambaye sasa ana umri wa miaka hamsini na mbili, anashauriwa akapimwe usikivu wake.

Hebu fikiria. Mwanamke ameishi kwa masikio yake miaka ishirini na sita, amenukuu kesi za watu waliokwisha kufa na waliokwisha kuachiwa, halafu anaambiwa kelele haipo, ila yeye ndiye amezeeka.

Alikwenda kupimwa. Alikwenda kwa hasira, lakini alikwenda. Daktari alimfungia kwenye kile chumba kidogo, akamtumia milio ya kila namna, kisha akatoka akitazama karatasi.

"Nani kakutuma, mama?"

"Mwajiri."

"Kamwambie haya masikio ningeyataka mimi."

Majibu yale aliyapeleka kwa msajili mwenyewe. Msajili aliipokea bahasha, akaitoboa kwa mashine, akaitia kwenye faili. Hakuifungua.

Sasa, mbele ya dirisha alikaa mnukuzi mwingine waliyemwita Chapchap kwa jinsi alivyomaliza kazi. Mtu mcheshi, asiye na kinyongo na mtu, na ambaye kelele hazikumsumbua hata kidogo kwa sababu alikuwa ameshapata njia yake. Mahali asiposikia, alijaza.

"Bi Sikio, unajitesa bure," alimwambia siku moja. "Mtu akisema 'nilikwenda', halafu ukapoteza neno, halafu ukasikia 'kulala', hapo katikati pana nini? 'Nyumbani.' Unaandika, unasonga mbele."

"Na kama alisema 'kwake'?"

"Si ni nyumba hiyo hiyo?"

Shangazi aliniambia kwamba siku hiyo ndiyo aliyoanza kuogopa. Yeye alikuwa anaandika "haisikiki" na kulaumiwa kwa uzembe. Chapchap alikuwa anabuni na kusifiwa kwa kurasa. Mwisho wa mwezi jina la Chapchap lilibandikwa ubaoni kwa uchapakazi. La shangazi lilibandikwa chini yake, kwenye orodha ya walio nyuma.

Ndipo likaja jalada la kiwanda.

Kilikuwa kiwanda cha kushona sare. Moto ulizuka mchana, mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na wafanyakazi sita wakafia pale mlangoni. Kwenye kesi ya kwanza wenye kiwanda na msimamizi wa zamu waliachiwa. Kwa kilio cha familia, waendesha mashtaka wakakata rufaa, na majaji wa rufaa wakataka nukuu kamili ya ushahidi wote. Shahidi mmoja alikuwa mshonaji aliyenusurika kwa kutokea dirishani. Moshi ulikuwa umemharibu koo. Sauti yake ilitoka nyembamba, kavu, kama karatasi inayokunjwa polepole. Sehemu yake aliinukuu Chapchap, na shangazi, kwa kuwa ndiye mkubwa chumbani, akapewa kuihakiki.

Katikati ya ukurasa wa arobaini na moja Chapchap alikuwa ameandika: "Ufunguo tulikuwa nao."

Shangazi akasikiliza. Alichosikia, chini ya ngurumo ile, ni "Ufunguo", kisha kitu kama "tu", kisha "kuwa nao". Akarudisha. Akarudisha tena. Wewe msomaji jaribu kuyasema mwenyewe: tulikuwa, hatukuwa. Tofauti ni pumzi ndogo tu mwanzoni na silabi moja katikati, na pumzi ndogo ya mtu aliyeungua koo ndiyo kitu cha kwanza kumezwa na feni.

Akavua hedifoni.

"Hapa umesikia 'tulikuwa'?"

Chapchap akainama kutazama. "Nimesikia 'kuwa nao'. Ya mbele nimejaza."

"Umejaza."

"Sasa ningeacha pengo, Bi Sikio? Si wangenirudishia?"

"Kwa hiyo," shangazi akasema, na Chapchap baadaye alikiri kwamba sauti yake ilimtia baridi, "umewapa ufunguo watu waliokufa mlangoni."

Chapchap akarudisha macho kwenye ukurasa. Ukweli ni kwamba hakuwa amefikiri hivyo. Hakuwa amefikiri kabisa.

Kuipeleka kanda nje ya jengo ni kosa la kufukuzwa, kwa hiyo shangazi hakuweza kwenda kuisikiliza kwingine. Mashine za zamani zilikuwa zimeshachukuliwa. Msajili alimwambia aandike "haisikiki" aache kusumbua watu. Lakini "haisikiki" kwenye sentensi ile ilikuwa ni kuwaambia majaji kwamba mwanamke yule alipanda kizimbani, akafungua koo lake linalouma, na hakusema kitu.

Jumamosi mchana akaja kwetu. Mama yangu ni wifi yake, na mama yangu ni fundi wa kompyuta. Sebule yetu siku zote ilikuwa imejaa makasha yaliyofunguliwa matumbo na mikebe ya skrubu. Mama hakuinua hata kichwa.

"Wifi, leo umekuja kunisalimia au umekuja kununa?"

"Nimekuja kununa."

"Basi nuna ukiwa umekaa. Hapo, sogeza hizo nyaya."

Shangazi akaeleza. Mama aliendelea kulehemu mpaka aliposikia neno feni, akaweka chini chombo chake.

"Zinakwenda kwa kasi ile ile saa zote? Hata asubuhi mashine ikiwa baridi? Hata usipofanya kitu?"

"Saa zote."

"Basi hiyo si nguvu wala baba yake nguvu. Hakuna aliyezipangia. Waliofunga wamechomeka, wamewasha, wamekwenda zao." Mama alikuwa ameshaanza kukasirika kwa niaba ya kazi yake. "Wewe unachapa maneno na kusikiliza sauti! Kazi hiyo haichemshi hata chai. Na wamekupa upepo wa kukausha nafaka!"

Akavuta kasha moja la zamani katikati ya sebule, akaliwasha likiwa wazi, na mchana ule wote akamfundisha. Nilikuwepo, nilikuwa nimetoka chuo likizo, na niliona mafundisho mazuri kuliko ya mwalimu yeyote aliyenifundisha mimi. Mama alimwonyesha jinsi ya kubonyeza kitufe mashine inapoanza kuwaka, ili kuingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ndani kabla haijaamka kamili. Pale, kila feni ina mstari wake: kasi kamili, kujiendesha, au kwa mkono. Ukichagua kwa mkono, wewe ndiye unayesema asilimia ngapi.

"Shusha kidogo kidogo," mama akasema. "Themanini. Sitini. Arobaini. Kila ukishusha, tazama joto. Ukifanya kazi yako ya kawaida na prosesa, huu ubongo wa mashine, ikabaki chini ya nyuzi sitini, umestarehe. Ikianza kupanda na haitaki kusimama, rudisha juu. Feni ya prosesa yenyewe usiizime hata ukasirike vipi."

"Na hii inayokoroma?"

"Feni nyingine zina kasi moja zisiyoipenda, zikifika hapo zinatetemesha kasha. Ongeza tatu au punguza tatu, zinanyamaza."

Kisha mama akamwonyesha jambo la pili: kuna feni ambazo mafundi wavivu huzichomeka moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme badala ya kwenye bodi kuu. Feni ya namna hiyo haisikii amri yoyote. Lazima ufungue kasha na uhamishe kichomeko chake. Shangazi alihamisha vichomeko mara sita, mara ya mwisho akiwa amefumba macho, kwa ubishi tu. Alipoondoka alikuwa na bisibisi ya mama ndani ya mkoba.

Lakini msidhani alikurupuka. Jumatatu aliandika barua nyingine, akieleza kila kitu na kuomba idhini au, kama idhini ni ngumu, afisa wa mitambo afanye mwenyewe mbele yake. Wiki ikapita. Akakumbusha. Wiki ya pili. Akamwendea afisa, afisa akasema barua ameiona na inafanyiwa kazi. Wiki ya tatu majaji wa rufaa wakaagiza nukuu ziwafikie Ijumaa. Jumanne, saa ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka, shangazi akafunga mlango.

Ukurasa wa mipangilio ulisema feni zote: kasi kamili. Akaweka kwa mkono, akashusha hadi arobaini. Feni ya nyuma ikatii. Mbili za mbele hazikusikia lolote. Akazima mashine, akachomoa umeme, akapiga magoti juu ya lile zulia na kutoa skrubu nne. Skrubu moja ilikuwa imefunikwa na lakiri ya karatasi ya idara. Hakusita, aliniambia, aliichana kwa ukucha. Ndani akakuta kile kile alichoelezwa: feni mbili zimeunganishwa moja kwa moja na kisanduku cha umeme, na nafasi zake kwenye bodi kuu ziko tupu, safi, hazijaguswa tangu kiwandani. Akahamisha. Akawasha. Thelathini na tano, arobaini, thelathini na tano.

Mashine zile tatu nyingine akazizima kwa muda. Chumba kikarudi kuwa chumba. Alisikia maji yakipita kwenye bomba la ukutani, na mtu akicheka orofa ya juu.

Akavaa hedifoni. Ukurasa wa arobaini na moja.

"Ufunguo hatukuwa nao. Alikuwa nao msimamizi wa zamu, na siku ile alitoka nao mchana."

Sentensi nzima. Hata jina la yule msimamizi lilifuata, ambalo Chapchap alikuwa ameliandika kama jina la mtaa.

Shangazi hakufurahi. Watu humwuliza kama alifurahi. Alikasirika, kwa sababu alihesabu miezi: mitano. Miezi mitano mashahidi walikuwa wamesema, na chumba kile kilikuwa kimewaziba midomo kwa nyaya mbili zilizochomekwa pasipo pake.

Nukuu ikaenda Ijumaa ikiwa kamili. Wiki mbili baadaye afisa wa mitambo akaja kubadilisha kibodi, akaona lakiri imechanika, na siku hiyo hiyo simu yake ikapata kazi. Shangazi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuchezea mali ya umma.

Walikaa watatu: msajili katikati, mwanasheria wa idara, na mkuu wa utumishi. Karani aliyeandika muhtasari ndiye aliyetupa maneno yenyewe.

"Unakubali ulifungua kasha?" akauliza msajili.

"Nakubali. Na nakubali niliandika barua tatu kabla ya kulifungua. Je, mnakubali mlizipata?"

"Hapa hatuulizwi sisi."

Afisa akasimama, akasema mashine iliyopunguzwa feni itaungua, na kwamba ni bahati tu haijawaka moto. Shangazi akafungua mkoba, akatoa daftari. Kila saa ya kazi, tangu siku ile, alikuwa ameandika joto la mashine yake. Arobaini na nane. Hamsini na moja. Siku moja ya jua kali, hamsini na sita. Halikufika sitini hata mara moja.

"Wewe una daftari lako la joto?" akamwuliza afisa.

Hakuwa nalo.

"Basi naomba kitu kimoja," shangazi akasema. "Twendeni chumbani. Hatua thelathini tu kutoka hapa. Tangu mashine zije, hakuna hata mmoja wenu aliyeingia."

Mwanasheria ndiye aliyeinuka kwanza. Wakaenda. Shangazi akamkalisha msajili kwenye mashine ya Chapchap, feni zikiwa kasi kamili, akamwekea sentensi moja. Msajili akasikiliza. "Tulikuwa," akasema. "Ngoja. Rudia." Akarudia. "Hat... hapana, tulikuwa. Rudia tena." Alirudia mara tano, na usoni jasho lilikuwa linamtoka. Kisha akahamia kwenye mashine ya shangazi, na nyingine zote zikazimwa. Mara moja ilitosha. Alivua hedifoni taratibu, akaiweka mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Mwanasheria naye akasikiliza. Kisha mkuu wa utumishi. Afisa alisema yeye hana haja.

Mngetegemea nini baada ya hapo? Mimi nilitegemea wamwombe radhi. Shangazi alitegemea angalau washushe feni za mashine tatu zilizobaki. Msajili alijikohoza na kusema, "Hata hivyo, lakiri ilichanwa."

Akapewa onyo la maandishi. Alikataa kulitia sahihi. Aliandika chini yake, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: "Nimelisoma. Silikubali." Mwezi uliofuata idara ikatoa waraka kwa mahakama zote juu ya kupunguza kelele za mashine: feni za mbele asilimia thelathini na tano, ya nyuma arobaini, joto lisizidi nyuzi sitini. Ulikuwa umetiwa sahihi na afisa wa mitambo. Mama yangu aliposoma zile namba alisimama, akaketi, akasimama tena, na maneno aliyoyasema siwezi kuyaandika.

Rufaa ya kiwanda ilisikilizwa. Majaji waliinukuu sentensi ya mshonaji kwenye hukumu yao, neno kwa neno, na wenye kiwanda pamoja na msimamizi wa zamu walikutwa na hatia. Familia sita zilipata haki yao. Shangazi alimwona yule mshonaji kwenye korido siku hiyo, amezungukwa na ndugu. Hakumsogelea, mnukuzi hazungumzi na mashahidi. Alisimama tu kando ya mlango mpaka walipopita.

Ingekuwa mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alidai nukuu zote za miezi ile mitano zisikilizwe upya. Msajili akasema haiwezekani. Akaandika moja kwa moja kwa jaji kiongozi wa rufaa, akijua vizuri kwamba kuruka ngazi ni kosa jingine. Jaji akaagiza. Na aliyejitolea kwanza kukaa naye alikuwa Chapchap. Walifanya kazi wiki kumi na moja, mashine zote nne zikiwa zimepangwa, meza kwa meza, karibu bila kuzungumza. Sehemu kumi na tisa walikuta maana imegeuzwa kabisa. Moja ilikuwa ya mtu aliyesema "sikumpiga", akaandikwa "nikampiga". Hakimu aliitegemea nukuu hiyo akamfunga, na alikuwa ameshakaa gerezani miezi minne.

Alitolewa. Barua ya kumtoa ilisema "kutokana na hitilafu ya kiufundi".

Shangazi alistaafu miaka mitatu baadaye. Kwenye hafla ya kumuaga, ukumbini, msajili alisimama na kusifu utulivu wa chumba cha wanukuzi, utulivu ambao, alisema, ulitokana na ubunifu wa kitengo cha mitambo. Watu wakaanza kupiga makofi. Shangazi akainuka kabla hayajaisha.

"Si kweli," akasema.

Hakupaza sauti. Akataja tarehe ya barua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akataja siku aliyochana lakiri na saa. Akamtaja wifi yake, fundi, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma kando yangu, na kumwomba asimame. Mama akasimama, amekunja uso, mkoba kifuani. Mwisho akamtaja yule mfungwa na miezi yake minne. Kisha akamgeukia yule karani wa muhtasari, ambaye siku hiyo aliandika hotuba za hafla, na kumwuliza kama ameyapata yote, au kuna neno lolote angependa alirudie.